Mheshimiwa Aenda Kusomea Ujirani

Asiye na haraka na akae asikilize. Mwenye haraka atasimuliwa na jirani yake, kama bado anaye. Iko nchi moja ambayo jina lake halitatajwa hapa. Si kwa woga, la hasha, ni kwa kuwa nchi hiyo ina Kamati ya Matumizi ya Jina la Nchi, na kamati yote imekwenda semina. Basi tuiite Nchi Ile. Watu wake ni wapole, viongozi wake wameshiba, na mambo yake yote hufanywa kwa staha.

Staha hiyo ndiyo iliyozaa Sheria ya Ubomoaji wa Staha. Zamani serikali ikitaka kuvunja nyumba ya mtu ilikuja asubuhi na katapila, ikavunja, ikaondoka. Wageni kutoka nje wakanung'unika kwamba huo si ustaarabu. Wabunge wakakaa, wakala, wakatunga sheria: ni marufuku kuvunja nyumba ya mtu bila kupiga hodi kwanza mara tatu, kama mila zetu zinavyotaka. Mwenye nyumba akinyamaza, nyumba hiyo ni gofu, ivunjwe. Akiuliza "Nani?", huyo anapinga maendeleo, ivunjwe. Akiitika "Karibu", ameridhia mwenyewe kwa kinywa chake, ivunjwe na apigiwe makofi.

Bi Siwema binti Mbaraka alikuwa uani akipepeta mchele siku afisa alipofika mlangoni kwake. Alikuwa na miaka sitini na minane, na katika miaka yote hiyo hajapata kuacha hodi ya mtu ianguke chini.

"Hodi!" afisa akaita.

"Karibu!" akajibu Bi Siwema bila kuinua macho kwenye ungo. "Karibu ndani, mlango uko wazi."

Afisa akaandika kwenye faili: Mwenye nyumba amekaribisha. Hakuhitaji hata hodi ya pili. Katapila likanguruma, likakaribia.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vinane, vinne huku na vinne kule, ukumbi katikati, na nyuma uani palikuwa na kisima kimoja, jiko moja, choo kimoja na kamba moja ya kuanikia nguo. Ndani yake waliishi Bi Siwema na dada yake mkubwa Bi Kidawa, fundi cherehani na mkewe, mstaafu mmoja wa posta, mama muuza vitumbua, na watoto ambao mpaka waitwe kuoga ungekuwa hujui yupi ni wa nani. Bi Kidawa alikuwa na ada yake. Kila asubuhi alipita mlango kwa mlango akiuliza, "Umeamkaje?" na hakuondoka mpaka ajibiwe. Ukichelewa kujibu aliingia. Walimlalamikia sana, na siku alipougua malaria asipite, nyumba nzima iliamka imechanganyikiwa.

Amri ya kuvunja ilitiwa saini na Mheshimiwa Daktari wa Heshima Gosbert Mbarukwa, Waziri wa Makazi Mapya na Kuondoa ya Zamani, naye alifika mwenyewe kuhutubia vumbi. "Ndugu wananchi," alisema, "kurundikana pamoja, bibi na wajukuu, jiko moja, choo kimoja, huo ni ushenzi! Mtu mstaarabu hamsikii jirani yake akikohoa!" Watu wakapiga makofi, kwa sababu makofi yalikuwa kwenye ratiba.

Mheshimiwa alitimiza alichosema. Bi Kidawa alipewa chumba ghorofa ya nne katika Mnara wa Faragha, mlango wa chuma, ukuta mnene. Bi Siwema hakuruhusiwa kukaa naye, kwani vyumba vile vilipimwa kwa kaya ya mtu mmoja na nusu. Akaenda kwa binamu yake, mwendo wa mabasi mawili. Bi Kidawa alifariki Jumatatu. Kifo chake kilijulikana Alhamisi. Ukuta ulikuwa mzuri kweli kweli, haukupitisha hata kikohozi.

Na pale palipokuwa na nyumba, likasimikwa bango lenye picha ya baba, mama, watoto wawili na mbwa, wote wanacheka. Kiwanja chenyewe hakikujengwa kitu. Mbuzi wakaja kula majani.

Bi Siwema alilia siku arobaini, kisha akaacha. Hakusamehe. Watu walimwambia asamehe, mwachie Mungu, naye akawajibu kwamba Mungu ana kazi nyingi, hii ndogo ataifanya yeye. Bintiye Tumu, aliyekuwa muuguzi katika Nchi ya Baridi, akamwita aende akaishi naye. Bi Siwema akafunga kanga zake na kinyongo chake. Uwanja wa ndege walimpima kila kitu, kinyongo hawakukiona.

*

Tumu alikuwa akiishi mahali panapoitwa, kwa lugha yao ngumu, jina ambalo maana yake ni Kiota. Bi Siwema alishuka garini akasimama katikati ya uwanja, akaangalia huku na huku. Nyumba zimezunguka uwanja. Jiko moja kubwa. Tangi moja la maji ya mvua. Kamba moja ya nguo. Bibi mmoja mwenye mvi amekaa kwenye benchi na mtoto asiye wake anamsuka nywele.

"Tumu," akasema taratibu, "hawa maskini wamebomolewa wapi?"

"Hawajabomolewa, mama. Wamechagua wenyewe."

"Wamechagua kuishi uani?"

"Wamesubiri miaka tisa kwenye orodha. Yanaitwa makazi shirikishi endelevu ya vizazi vingi. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kuyasoma."

Bi Siwema akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha kicheko kikageuka kilio, na Tumu ikabidi amkalishe kwenye benchi kando ya yule bibi wa mvi.

Tusiwacheke watu wa Kiota, walikuwa watu wema, ila walikuwa wameanza ujirani ukubwani, na jambo la ukubwani lina taabu yake. Walikuwa na katiba ya kurasa themanini na nne. Kifungu cha kumi na mbili kilimruhusu mkazi kumwomba jirani chumvi bila taarifa ya maandishi, na kifungu hicho kilijadiliwa kipupwe kizima. Walikuwa na warsha ya kusalimiana, ngazi ya kwanza na ya pili. Jambo lolote liliamuliwa kwa kadi: kijani ni ndiyo, nyekundu ni hapana. Ilibidi wote thelathini na wawili wakubali. Nyekundu moja tu ikiinuka, jambo limekufa, na katiba ilikataza kumnunia aliyeiinua.

Yule bibi wa mvi aliitwa Helmi, miaka themanini na miwili, naye ndiye mwenyekiti. Alimtazama mgeni akichota maji, akimpokonya mtoto wa watu kisu, akimwambia kijana wa nyumba ya tano avae soksi, yote hayo bila kufungua katiba. Helmi akastaajabu.

"Umesomea wapi haya?" akauliza, Tumu akatafsiri.

"Uani," akajibu Bi Siwema.

Helmi akaandika kwenye daftari lake: Chuo cha Uani. Miaka miwili baadaye Bi Siwema alikuwa ameshajua lugha yao kiasi cha kutosha kugombana, na wakamfanya mkufunzi na msimamizi wa zamu. Kila asubuhi alipita mlango kwa mlango akiuliza watu wameamkaje. Hakuwaambia aliiga kwa nani. Wao waliliita Zoezi la Mapambazuko, wakalitungia kifungu chake.

*

Sasa huku Nchi Ile, Mheshimiwa Mbarukwa alikuwa amehudhuria mkutano wa kimataifa na, kwa bahati mbaya, hakusinzia. Alimsikia mtaalamu akieleza juu ya watu wanaoishi bibi na wajukuu pamoja, jiko moja, uwanja mmoja. Mheshimiwa akatoka nje ya ukumbi mbio. Kesho yake gazeti la serikali likaandika kwa herufi nene: MHESHIMIWA AGUNDUA UJIRANI.

"Ndugu wananchi," alihutubia alipotua, "hiki nilichokisikia, nchi yetu haijapata kukiona tangu iumbwe! Hebu fikirini: jirani anamjulia hali jirani! Tutatuma wajumbe. Tutajifunza. Ikibidi tutaleta wataalamu!" Wananchi wakatazamana. Makofi yalikuwa kwenye ratiba, wakapiga.

Tena kulikuwa na cheo kipya duniani, Mlezi Mkuu wa Ujirani Barani, chenye bendera yake na ving'ora vyake. Mheshimiwa alikitamani mpaka akawa anakiota. Ila hakikupatikana bila Cheti cha Ujirani, na Cheti cha Ujirani hakikutolewa mahali pengine popote ila Kiota, kwa kadi za wakazi wote.

Helmi aliisoma kwa sauti barua ya maombi kutoka Nchi Ile jikoni, watu wakimenya vitunguu. Ujumbe wa watu kumi na tisa: waziri, katibu wake, maafisa itifaki wanne, wapiga picha watatu, mshika mwavuli, na wengine ambao kazi zao hazikutajwa. Mtaalamu wa makazi alikuwemo kwenye orodha, lakini barua ilisema amekosa kiti kwenye ndege. Helmi alipofika kwenye jina Mbarukwa, kisu cha Bi Siwema kilisimama.

Furaha mbaya ilimpanda kutoka miguuni. Hakuionea haya. Miaka mitano alikuwa amemwomba Mungu amkutanishe na yule mtu mahali pasipo na polisi wake, na sasa mtu mwenyewe ameomba kwa maandishi.

"Waje," akasema. "Nitawapokea mimi."

"Mama," Tumu akamnong'oneza, "tafadhali usinitilie fitina hapa ninapoishi."

"Fitina gani, mwanangu? Mimi si msimamizi wa zamu tu?"

Na usiku haujaingia akamweleza bintiye alichokitaka, kwa maneno machache. Hakutaka kumpiga mtu yule, wala kumtukana. Alitaka amwambie habari za dada yake, na aone kama zitamwingia. Kama zitaingia, sawa. Kama hazitaingia, cheo cha ujirani hatakipata kwa mkono wake, hata mkono ukatwe.

*

Mheshimiwa alifika adhuhuri, theluji ya maji maji inaanguka, mshika mwavuli anahangaika. Mlango wa Kiota ulikuwa umefungwa. Wapiga picha wakajipanga. Mheshimiwa akarekebisha tai, akaita kwa sauti ya televisheni:

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Nyuma ya mlango Bi Siwema alikaa kwenye kigoda na bakuli la njegere. Akamenya moja. Akamenya nyingine. Ilimuuma, nasema kweli, kwani hodi ilikuwa ikigonga ulimi wake kama inavyogonga ulimi wa mtu yeyote aliyelelewa. Akaung'ata.

"Hodi wenyewe!"

"Nani?"

"Mheshimiwa Daktari wa Heshima Gosbert Mbarukwa, Waziri wa Makazi Mapya na Kuondoa ya Zamani!"

"Hapa katiba haijui vyeo. Nani?"

Nje kukawa na kikao kifupi. "Daktari Gosbert Mbarukwa."

"Nani?"

"Gosbert Mbarukwa!" Meno yalikuwa yakigongana.

"Nani?"

"Gosbert! Gosbert, mama, tunakufa baridi!"

Mlango ukafunguka. "Ingia, Gosbert," akasema Bi Siwema. "Vua viatu."

Hakumtambua. Angemtambuaje? Alikuwa amevunja nyumba elfu moja na mia nne, na mtu aliye juu ya jukwaa huona vichwa tu. Alimwona bibi wa kwao katika nchi ya watu akafurahi. "Ah, kumbe tuna mama yetu hapa! Shikamoo mama."

"Marahaba. Zamu yako imo ubaoni."

Kwa katiba ya Kiota, mgeni anayetaka cheti hukaa siku nne na hushika zamu kama wenyeji. Asubuhi ya kwanza Mheshimiwa alikabidhiwa ndoo yenye mfuniko.

"Hii ni nini, mama?"

"Mbolea ya miti ya matunda. Itakuwa tayari mwakani."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu ni choo."

Mshika mwavuli akakimbilia kumpokea. Bi Siwema akamzuia: zamu haina msaidizi, kifungu cha thelathini. Basi Mheshimiwa akatembea na ndoo kutoka nyumba ya kwanza hadi shimo la bustanini, suti yake ya kijivu imekunjwa magotini, na wapiga picha watatu hawakujua waangalie wapi. Bi Siwema alitembea kando yake na koleo lenye vumbi la mbao la kufunikia.

"Nilikuwa na dada," akaanza. "Akiitwa Kidawa. Tulikuwa na nyumba ya vyumba vinane, wewe uliivunja. Yeye ukampa ghorofa ya nne. Akafa Jumatatu, akajulikana Alhamisi. Alikuwa mtu wa kupita mlango kwa mlango kila asubuhi kuuliza watu wameamkaje, na siku ambayo hakuamka yeye, hapakuwa na wa kumuuliza."

"Ooh, pole sana mama," akasema Mheshimiwa, macho kwenye ndoo. "Pole sana. Kazi ya Mungu haina makosa."

"Mungu hakutia saini amri."

"Ni kweli, ni kweli kabisa. Hivi hii inamwagwa yote au nusu?"

Siku ya pili alimwambia tena, wakimenya viazi. Kidawa, akasema, na akalitamka jina polepole kama anayemfundisha mtoto. Mheshimiwa akasema pole, akauliza kama ile picha ya viazi imetoka vizuri. Siku ya tatu alimwambia wakikunja mashuka, yeye pembe hii, Mheshimiwa pembe ile, uso kwa uso. Alimweleza sauti ya Kidawa ilivyokuwa, jicho lake moja lenye ukungu, na jinsi alivyopenda kahawa ichemshwe na tangawizi. Mara hii Mheshimiwa aliacha kukunja, na Bi Siwema akadhani labda habari zimemwingia. Kisha akapiga chafya, akasema, "Pole sana. Huyo dada yako ni wa upande gani vile, wa Kusini?"

Bi Siwema akalichukua lile shuka akalikunja peke yake.

*

Katibu wa Mheshimiwa aliitwa Bwana Shomvi, mtu mwembamba aliyeandika kila kitu. Jioni ile alipekua mafaili aliyobeba, akaja mbio chumbani kwa bwana wake.

"Mheshimiwa, huyu mama ni wetu! Ndiye wa kiwanja cha bango, aliyekaribisha mwenyewe. Na kesho naye ana kadi."

Mheshimiwa akafikiri. Alikuwa mwepesi sana wa kufikiri jambo linapomhusu. "Kile kiwanja tumekifanyia nini?"

"Mbuzi, Mheshimiwa."

"Basi tumrudishie! Lete muhuri."

Muhuri wa wizara Mheshimiwa alilala nao. Wakamkuta Bi Siwema jikoni na Tumu. Barua ikaandikwa palepale: kiwanja kinarejeshwa kwa Siwema binti Mbaraka, yeye na warithi wake, amri ya kwanza imefutwa. Shomvi shahidi, Tumu shahidi, muhuri ukagongwa. Kabla wino haujakauka Tumu alikuwa ameshaipiga picha na kumpelekea wakili kule nyumbani.

Mheshimiwa akatandaza mikono. "Haya, mama yangu. Serikali yako ni sikivu. Kiwanja hicho hapo, karibu nyumbani. Nawe kesho mkono wako ukiinuka, uinuke na kijani. Tumeelewana? Karibu, karibu sana."

Bi Siwema akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la kanga.

"Ahsante," akasema.

Mheshimiwa akatoka anapiga mluzi. Tumu akatikisa kichwa, akarudi kuosha vyombo.

*

Mkutano wa kadi ulifanyika asubuhi ya siku ya nne, viti vimezunguka, hakuna meza kuu. Mheshimiwa alikuwa ameomba meza kuu kwa maandishi, akajibiwa kwamba ombi lake litajadiliwa kipupwe kijacho. Televisheni ya Nchi Ile ilirusha moja kwa moja, ikifadhiliwa na wizara.

Akahutubia dakika arobaini. Alisema amebeba ndoo, na katika ndoo ile ameona mustakabali wa bara. Alisema ujirani ni dhana, na dhana ni nguzo, na nguzo ni mhimili. Kisha, ili kupamba, akainyoosha sauti: "Na leo hii, mbele ya dunia, serikali yangu imemrejeshea mama huyu kiwanja chake!" Tumu akatafsiri. Kiota wakashangilia. Shomvi alishika shavu, kwani alijua kwamba katika Nchi Ile jambo likishasifiwa na televisheni haliwezi tena kuwa kosa, na kiwanja hakirudi tena serikalini.

Helmi akaita kadi. Zikainuka moja moja, kijani, kijani, kijani, mpaka thelathini na moja. Bi Siwema hakuinua. Alisimama.

"Nina swali moja kwa mgeni," akasema.

"Uliza mama, uliza!" Mheshimiwa akatabasamu kwenye kamera.

"Dada yangu aliitwa nani?"

Hakuwa akimtega. Kadi zote mbili alikuwa nazo mapajani, na alikuwa ameapa rohoni kwamba jina likimtoka yule mtu mdomoni, hata kwa kigugumizi, hata nusu yake, atainua kijani na liwalo na liwe. Alilitaka jina lile litoke. Alilingoja kwa moyo wote.

Mheshimiwa alitabasamu zaidi. "Dada yetu mpendwa... marehemu... Bi..." Akamgeukia katibu. Shomvi akafunua daftari, kurasa zikapepea. Alikuwa ameandika uzito wa ndoo, idadi ya viazi, na mahali pamoja: dada wa mama.

"Bi Zubeda?" akajaribu Mheshimiwa.

Bi Siwema akangoja.

"Bi Mariamu! Bi... ile, la Kusini lile..."

Akangoja tena. Helmi, aliyelijua jina kwa kulisikia jikoni mara mia, alifumba macho asije akalisema. Uwanjani mtoto mmoja alikuwa akiburuta kijiti kwenye uzio, tra-tra-tra.

Bi Siwema akainua nyekundu. Aliinua juu kabisa, mkono umenyooka, ili kamera isipate taabu.

"Lakini ulisema ahsante!" Mheshimiwa akaruka kitini. "Jana! Nimekukaribisha ukasema ahsante! Shomvi ni shahidi!"

"Gosbert," akasema Bi Siwema, "wewe ni mtoto wa wapi? Mtu akikukuta unakula ukamwambia karibu, naye akakwambia ahsante, amekula?"

Nchi Ile nzima, mbele ya televisheni zake, ilijua jibu. Mafundi cherehani, wauza vitumbua, wastaafu wa posta, hata makatapila wenyewe na madereva wao, wote walijua kwamba huyo hajala, amekataa kwa adabu. Inasemekana kicheko kilianza mtaa wa bango na kikafika Ikulu kabla ya habari ya saa saba.

Tumu alichukua robo saa kuwaeleza Kiota, kwani lugha yao haina ahsante ya kukataa. Helmi aliipenda mno, akaunda kamati.

Serikali ya Nchi Ile haikuyumba. Ilitoa tangazo kwamba ujumbe umefanikiwa kupata Kukosa Cheti, hatua ambayo nchi nyingine za jirani bado hazijaifikia. Mheshimiwa alisomewa tangazo hilo kwa simu akiwa anavaa viatu mlangoni, na kwenye simu ileile akaarifiwa kwamba wizara yake imempata mtu mwingine, na kwamba wamefika nyumbani kwake kuchukua gari, na walipiga hodi.

Alivuka uwanja taratibu, bila mwavuli, maana mshika mwavuli alikuwa ameshapanda basi na wengine. Bi Siwema alikuwa kwenye kamba akianika mashuka. Alikuwa na furaha, tena furaha nono, kama ya mtu aliyefunga mwezi mzima akauona mwezi. Wapo wasemao kisasi hakishibishi. Yeye asubuhi ile alikula mikate mitatu.

Mheshimiwa akasimama upande wa pili wa shuka. Sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida.

"Mama," akasema. "Cheti basi, yamekwisha. Naomba uniambie tu, nisilale nalo. Aliitwa nani?"

Bi Siwema alibana shuka kambani. Aliona kwamba safari hii anataka kweli.

"Uliambiwa," akasema, akainama kuchukua shuka lingine.